Arobaini ya Biubwa

Kila akifika mbele ya nyumba yake mwenyewe, Kombo alikiinamisha kipaza sauti. Alikielekeza mchangani, sauti itoke imefifia. Maneno hakuyapunguza.

"Tangazo, tangazo! Wananchi wa Mtaa wa Mikoroshini mnatangaziwa. Ugonjwa wa kipindupindu bado upo. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Matunda ya kukatwa na juisi za barabarani, marufuku. Chakula cha mkusanyiko, marufuku. Iwe harusi, iwe maulidi, iwe hitma, marufuku mpaka mtakapotangaziwa tena. Atakayekaidi atachukuliwa hatua."

Sauti ya mwanamke ikamjibu kutoka dirishani:

"Tumesikia! Na neno hitma umelitamka vizuri, shemeji. Ulimi haukukwama hata kidogo."

Huyo ni Mwaija, mdogo wa marehemu mkewe. Alitoka Pangani kuja matangani na hakuondoka tena. Alisema haondoki mpaka arobaini ya dada yake isomwe.  Kombo akasogea nyumba ya pili, akakiinua kipaza, akaanza upya.

Kazi hiyo ya kupiga mbiu aliianza na debe na kijiti, zamani, kabla nyumba za bati hazijaufunika mtaa. Baadaye serikali ya mtaa ikampa kipaza cha mkononi, kinachokula mawe ya betri kama mgonjwa aliyepata nafuu. Kusoma hajui. Mtendaji humsomea tangazo, naye hulirudia mpaka likamkaa kichwani. Kwa mdomo wake watu wa Mikoroshini wamejua maji yatakatika lini, chanjo ya watoto iko wapi, mbwa mwenye kichaa kaonekana upande gani, mtoto aliyepotea kavaa nini. Karatasi zikibandikwa ubaoni, watu hupita. Kombo akisema, hutoka mlangoni.

Biubwa ndiye aliyemfundisha kusema. Kila tangazo jipya alilisikia yeye kwanza, kule jikoni, akiwa amempa mgongo.

"Unakimbia," humwambia. "Watu wana watoto, wana vyungu motoni. Sema, tulia, wape nafasi wageuke."

Naye hutulia. Miaka yote hiyo, akisema barabarani, huwa anausemesha mgongo wa Biubwa.

Kisha ugonjwa ukaja na mvua. Biubwa aliamka alfajiri akishika tumbo. Kufika adhuhuri macho yalikuwa yameingia ndani na sauti imekatika. Walimpeleka kwenye mahema ya wagonjwa. Kombo akaambiwa asubiri nje ya kamba. Akasubiri. Alipoitwa, aliitwa kuambiwa.

Watu wa afya walifanya walivyotakiwa kufanya, hawezi kuwalaumu. Walimwosha wao wenyewe, kwa glavu na maji ya dawa. Wakamtia sanda, na juu ya sanda mfuko. Hakurudishwa nyumbani. Hakutolewa mlangoni kwake kwa shahada. Kwenye kaburi Kombo alisimamishwa kando, na Maalim Abdullatif na wanaume wachache wa msikitini. Jeneza hakulishika. Mchanga hakuutia, hata konzi moja. Watu wa mtaa hawakuja, kwa sababu walikuwa wameambiwa wasije kwenye mazishi ya ugonjwa huo. Na aliyewaambia, kwa mdomo wake, ni yeye.

Mtoto hawakujaaliwa. Kwa hiyo mazishi yalipopita hivyo, kilichobaki kwa Biubwa ni arobaini yake. Watu waje, msahafu usomwe, masinia yatoke, wale, wafute mikono, waseme Mungu amrehemu. Maiti wa Mikoroshini huwa hajaagwa mpaka hapo. Kombo hakutaka jambo jingine duniani. Na jambo hilo ndilo alilokuwa akilipigia marufuku asubuhi na jioni.

Akaenda ofisini kwa mtendaji. Sabiha ni msichana wa kuwa mjukuu wake, kaletwa kutoka Chalinze. Alikuwa na madebe ya dawa ya maji mpaka chini ya meza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Huko mitaani kuna tatizo?"

"Hakuna. Nimekuja kwa langu."

Sabiha akaweka kalamu chini. Alilijua.

"Arobaini ya bibi."

"Ndiyo."

"Babu, mimi nakuelewa. Wallahi nakuelewa. Lakini nikikuruhusu wewe leo, kesho Mzee Mbaruku yupo hapa mlangoni na harusi ya binti yake. Keshokutwa watu wa ngoma. Nitamwambia nani hapana?"

"Najua."

"Fanyeni kisomo ndani. Wewe, shemeji yako na maalim. Msipike."

"Bila chakula."

"Bila chakula, babu. Sinia moja, mikono mingi, ndiyo inayotumaliza. Wewe si ndiye unayewaambia?"

Kombo akainuka. 

"Haya, mwanangu," akasema, akaondoka.

Mwaija alipopewa habari hizo alikuwa anafua. Akaiacha nguo povuni.

"Watu watatu! Shemeji, hata paka wa soko la samaki akifa hupata watu zaidi ya hao."

"Ndivyo alivyosema mtendaji."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema haya."

"Ukasema haya! Dada yangu kaoshwa na watu asiowajua. Kaingia kaburini ndani ya mfuko kama unga wa sembe. Mtoto hana. Ana mume tu, na mume mwenyewe anapita barabarani ananadi asisomewe."

"Sikusema asisomewe."

"Umesema wali wake usiliwe."

"Nimesema nilichotumwa, shemeji."

"Usiniite shemeji. Shemeji ni mtu. Wewe kipaza."

Akairudia nguo yake akaifua kwa hasira mpaka maji yakamrukia Kombo miguuni. Kombo hakusogea.

Jioni akaja Mbaruku, jirani wa ng'ambo ya barabara. Akaketi barazani kwa Kombo bila kukaribishwa, kama kawaida yake. Hajra, binti yake, alikuwa aolewe na kijana wa Mapinga. Masufuria ya kukodi yalikuwa yamepangwa uani kwake, yamefunikwa kwa turubai.

"Nakuangalia wewe tu, Kombo," akasema.

"Mimi nina nini?"

"Una arobaini. Wakwe zangu wa Mapinga hawanipi raha. Kila siku simu: baba, lini? Mimi nimewaambia, ngojeni. Mzee Kombo akimpikia mkewe hitma, mimi napiga ngoma siku ya pili. Asipopika, nakaa kimya."

"Usinifuate mimi. Fuata tangazo."

"Tangazo ni nini bwana we! Matangazo tumeyasikia toka tukiwa na meno yote. Serikali naweza kuikaidi, nikatozwa faini, nikalipa, ikaisha. Lakini mtu aliyefiwa na mkewe akiacha hitma yake, mimi nipike harusi? Nitawatazama watu kwa uso gani?"

Kombo akakipangusa kipaza vumbi.

"Na siyo mimi peke yangu," Mbaruku akaendelea. "Barabara nzima inakuangalia."

"Basi msiniangalie."

"Tusikuangalie vipi, na wewe ndiye unayepiga kelele?"

Akacheka, akampiga Kombo begani, akavuka barabara kurudi kwake. Kombo akabaki pale barazani. Aliona yupo kama samaki ndani ya dema. Pa kuingilia alipaona, tena aliingia mwenyewe, kwa hiari. Pa kutokea hapakuwepo. Akipika, Mbaruku atapika, na wengine nyuma ya Mbaruku, na yale mahema yatajaa. Asipopika, Biubwa ataondoka duniani kama mtu aliyepotea njiani.

Siku zikasogea. Alifanya mzunguko wake asubuhi, akafanya jioni. Nyumbani Mwaija alimwekea chakula bila neno. Alimjua kwa kelele zake, na sasa ule ukimya ulimwelemea zaidi. Kitandani upande wa Biubwa aliuacha kama ulivyo. Alilala ukingoni, kama mgeni aliyepewa nafasi kidogo.

Siku moja kabla ya arobaini, akirudi kwenye mzunguko wa jioni, alisikia vicheko. Vilitoka uani kwake. Tangu msiba hakuna aliyecheka katika nyumba ile. Akapita ukumbini taratibu, akasimama penye mlango wa uani.

Wanawake wa mtaa walikuwa wamekaa kwenye mikeka, kila mmoja na ungo mapajani. Gunia la mchele limefunguliwa katikati. Walikuwa wanachagua mchele wa hitma, kama ilivyo ada, siku moja kabla, jirani zote pamoja. Mmoja alikuwa anasimulia jinsi Biubwa alivyowahi kumfukuza mwizi wa kuku kwa mwiko, akamfikisha mpaka msikitini, na mwizi akaingia kuswali kwa woga. Ndicho kilichowachekesha.

Mwaija akamwona.

"Kabla hujasema," akasema, "angalia vizuri. Unaona moto? Unaona sufuria? Tumekaa tunachagua mchele. Hebu niambie, kuchagua mchele nako mmekukataza?"

Kweli, jambo hilo halikuwemo. Alilipitisha tangazo lote kichwani na neno mchele hakulikuta. Akatamani kukaa. Akae pale kizingitini, asikilize tu. Biubwa alikuwa anatajwa. Kwa mara ya kwanza tangu achukuliwe, alikuwa nyumbani kwake, katikati ya watu wake, kwenye harufu ya mchele na vumbi lake jeupe. Kombo alitaka kunyamaza. Alikuwa ameshaanza kunyamaza.

Akamwona Sada.

Sada ni mke mdogo wa nyumba ya jirani, ana mtoto wa kunyonya, alikuwa naye mgongoni. Aliinuka akaenda penye ndoo. Juu ya ndoo palikuwa na kikombe kimoja cha bati. Akachota, akanywa, akampa mwenzake. Mwenzake akanywa, akachovya tena, akampitishia wa tatu. Kikombe kikawa kinazunguka mkeka mzima, kutoka mdomo hadi mdomo, na wao wanaendelea kuzungumza.

"Maji hayo yamechemshwa?" Kombo akauliza.

 Sada akatazama chini.

"Ya kisimani, baba," akasema.

Mwaija akasimama. "Usianze, Kombo. Nakuomba. Leo usianze."

Angeweza kuwaambia kwa mdomo. Ni majirani zake, anawajua toka wakiwa wachumba. Alitafuta maneno yake mwenyewe, hakuyapata. Hakuwahi kuwa nayo mengi, na yale machache Biubwa alikuwa amekwenda nayo. Yaliyobaki kinywani ni yale ya kazi. Akaushika mkanda wa kipaza begani, akakileta mdomoni, mle mle uani, watu wakiwa hatua chache mbele yake.

"Tangazo, tangazo. Wananchi wa Mtaa wa Mikoroshini mnatangaziwa."

Mmoja akacheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaona uso wake akaacha.

Alilisema lote. Maji. Matunda. Harusi. Maulidi. Alipofika kwenye hitma, alitulia, kama alivyofundishwa, awape nafasi. Kuku walikuwa wamekimbilia nyuma ya choo kwa kelele. Alipomaliza, wanawake waliweka nyungo chini moja moja, wakavuta kanga zao, wakapita pembeni yake kutoka. Sada alipita wa mwisho.

"Tusamehe, baba," akasema.

"Mchemshie mtoto maji," Kombo akasema.

Wakabaki wawili na gunia la mchele. Mwaija hakupiga kelele. Akaketi mkekani, akazichukua zile nyungo, akaurudisha mchele wote guniani.

"Umemfukuzia watu wake," akasema. "Kaburini hakupata watu, na uani kwake umemfukuzia."

"Ndiyo," Kombo akasema.

Alfajiri Mwaija alikuwa ameshafunga mizigo. Usiku alikuwa amezungumza na jamaa zake kwa simu. Hitma ingesomwa Pangani, kwenye nyumba ya wazee wao, baada ya swala ya alasiri. Watu wapo, jiko lipo. Kanga za Biubwa, zile ambazo watu wa afya hawakuzichoma, alizitia kwenye kikapu akazigawe huko, kama nguo za marehemu zinavyogawiwa.

"Bakisha moja," Kombo akasema.

"Ya nini? Uivae?"

 Mwaija hakubakisha hata moja.

Kombo akamtolea gunia mpaka kwenye bajaji ya kwenda stendi. Dereva alipokuwa analifunga nyuma, Mwaija akamgeukia. Hasira zilikuwa zimemwisha usoni, akawa amefanana na dada yake, jambo ambalo Kombo alikuwa hataki kuliona.

"Twende," akasema. "Vaa kanzu yako twende. Kule si mtaa wako. Kule huna kipaza. Utaketi mkekani kama mume wa mtu, utapokea pole zako. Twende, shemeji."

Ng'ambo ya barabara Mbaruku alikuwa ametoka barazani kwake, mswaki mdomoni. Alikuwa anatazama. Hakutazama kwa ubaya. Alikuwa anangoja tu aone Kombo anapanda au hapandi. Nyuma yake lile turubai lilikuwa juu ya masufuria.

Simu ikalia mfukoni mwa Kombo. Sabiha.

"Shikamoo babu. Samahani, najua leo ni siku gani. Wameingia wagonjwa wawili wapya, wa upande wa chini, kule visimani. Nilitaka upite mapema, na jioni upite tena. Utaweza?"

Kombo akamtazama Mwaija. Akamtazama Mbaruku.

"Nitapita," akasema.

Mwaija akaingia kwenye bajaji, akalivuta buibui lake ndani.

"Nitawaambia ulikuwa na kazi," akasema.

Bajaji ikaondoka. Mbaruku akatema povu la mswaki, akarudi ndani. Baada ya muda Kombo alimsikia anazungumza kwa simu, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi: bado, mkwe wangu, bado, ngojeni tutangaziwe.

Alipita asubuhi. Adhuhuri hakula. Alasiri aliswali, akakaa msikitini kidogo baada ya wenzake kutoka. Wakati huo Pangani mikeka ilikuwa imeshatandikwa. Akilini alimwona Mwaija anaelekeza watu. Aliona masinia. Jina la Biubwa litatajwa mbele ya watu ambao nusu yao hawakumjua alivyokuwa mtu mzima, alivyokuwa akinuna, alivyokuwa akicheka. Na mumewe hayupo. Akainuka, akachukua kipaza.

Akaanzia upande wa chini. Sabiha mwenyewe alikuwa huko, anagawa dawa ya maji nyumba kwa nyumba. Kombo akasimama penye njia panda ya visima. Watu wakatoka milangoni kama kawaida. Akasema tangazo lote, kwa utulivu, bila kukimbia. Maji. Matunda. Mikusanyiko. Mpaka mtakapotangaziwa tena. Atakayekaidi.

Hapo ndipo linapoishia. Lakini pumzi yake haikuishia hapo. Kuna neno ambalo mtu wa pwani hulitamka kisomo kikimalizika, nalo lilimtoka bila kuliita.

"Alfatiha."

Likatoka kwenye kipaza, likapiga kuta za matofali, likaenda mpaka barabarani.

Aliposikia alichokisema alitaka kukirudisha. Hakikurudi. Mzee aliyekuwa barazani akafungua viganja. Mwanamke aliyekuwa anaanika nguo akaiacha kwenye kamba, akafungua vyake. Kwenye kibanda cha kutengeneza baiskeli nyundo ikanyamaza. Neno hilo likisemwa, watu wale hawaulizi kwanza ni la nani. Njia nzima ikawa kimya kwa muda wa kuisoma sura ile fupi. Kila mtu alikuwa kwenye mlango wake, mbali na mwenzake. Kisha wakajifuta nyuso.

"Ya nani, babu?" mwanamke wa nguo akauliza.

"Ya Biubwa," Kombo akasema. "Arobaini yake leo."

"Mungu amrehemu."

"Amin."

Sabiha akamfikia, glavu mikononi. Alisema chini chini, kwa adabu.

"Babu, hilo halimo kwenye tangazo."

"Halimo."

"Wapo Wakristo mtaani. Na ni tangazo la serikali. Nikiulizwa..."

"Limeniponyoka, mwanangu. Mbele sitalisema."

"Haya, babu." Akasita. "Pole."

Kombo akaendelea. Kwenye kona ya pili, ya barabara ya nyumbani kwake, alisema tangazo, akaishia linapoishia. Akainamisha kichwa, akakivuta kipaza kwapani aondoke.

Hakuna aliyerudi ndani. Habari zilikuwa zimekwisha kumtangulia kwa simu na kwa midomo. Sada alikuwa mlangoni na mtoto wake mgongoni. Mbaruku alikuwa barazani kwake, kofia kichwani, Hajra nyuma yake. Wanawake wa mchele walikuwa kila mmoja kwake. Wote walikuwa wamefungua viganja, wanamtazama, wanangoja alitamke.

Alikuwa ameahidi. Akasimama katikati ya njia, mdomo umefungwa. Kisha na yeye akafungua mikono yake miwili, kipaza kikaning'inia kwenye mkanda, na watu wakainamisha vichwa.